Cheti kwanza, ndipo tubishane

Wahariri, swali lenu la wiki hii limenigusa pabaya. Mmeuliza: "Je, nchi za Magharibi ziwaruhusu Waislamu waamuliwe kwa sharia, au huko ni kuwapa nafasi wenye siasa kali?" Mmeliuliza kama wanavyouliza magazeti ya huku Uingereza ninakoishi, kana kwamba kuna watu wamepanga foleni mlangoni wakisubiri ruhusa. Hakuna anayesubiri. Baraza la sharia la Leyton, mashariki ya London, yaani jopo la mashehe wanaosikiliza mashauri ya talaka za Kiislamu, lilianzishwa mwaka 1982, mimi nikiwa bado nasoma alifu kwa kijiti chuoni Tanga. Leo yapo mengi. Ripoti iliyoagizwa na serikali, ile ya Profesa Mona Siddiqui ya Februari 2018, ilitaja makadirio ya kati ya 30 na 85. Tofauti hiyo peke yake yatosha kukuonyesha kuwa hakuna aliyeyahesabu.

Kwa hiyo la kuruhusu limeshapita. Mimi nitajibu la kufunga: je, mabaraza haya yafungwe? Nasema yafungwe. Nasema hivyo nikiwa Mwislamu ninayeswali na kufunga, mjukuu wa mwalimu wa chuo, wala simwogopi kadhi.

Na mtu wa pwani amwogope kadhi kwa lipi? Kenya yuko kwenye katiba, kifungu cha 170, na kazi yake imewekewa uzio: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kwa Waislamu waliokubali wenyewe kusimama mbele yake. Zanzibar mahakama za kadhi zipo kisheria. Bara kwetu ndiko tulikobishana, tangu ilani ya chama tawala ya mwaka 2005 mpaka muswada wa 2015 uliofika Bungeni ukakwama, lakini hata bara Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu, na shehe mwenye leseni akifungisha, cheti kinatoka. Isitoshe, Waingereza walipoitawala pwani waliwaacha makadhi mahali pao na kuwaingiza kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Ajabu ni kwamba Februari 2008, Rowan Williams, Askofu Mkuu wa Canterbury wakati huo, aliposema kuwa kuipa sharia nafasi fulani ndani ya sheria za Uingereza kunaelekea hakuepukiki, magazeti yalimshukia kama kauza nchi na wengine wakataka ajiuzulu. Babu zao waliliendesha jambo hilohilo kwetu miaka na miaka bila kukosa usingizi.

Sasa niwaeleze kwa nini nasema yafungwe.

Mdogo wangu, binti ya mama mdogo, niliyelala naye kitanda kimoja Ngamiani, Tanga, mpaka nilipovunja ungo, aliolewa huku. Nikahi ilisomwa sebuleni kwa shangazi wa bwana harusi, Jumamosi baada ya alasiri. Walii wake, yaani mwenye kumwozesha, alikuwa Tanga, akaweka wakili. Mashahidi walikuwepo, halua ilikuwepo, tena ya Oman, na kahawa tulipika wenyewe. Shehe aliandika karatasi nzuri yenye maua pembeni na muhuri wa msikiti. Kabla ya kuondoka alimwuliza bwana harusi kama wameshakwenda kwa msajili wa serikali. Bwana harusi akajibu, "Wiki ijayo, inshallah." Shehe akavaa viatu.

Wiki hiyo haikufika. Mtoto wa kwanza alifika, wa pili akafika, kisha vikafika vipigo. Polisi waliitwa, mahakama ya familia ikatoa amri kuwa yule bwana asimsogelee. Akahamia mji mwingine na kuoa huko, sebuleni vilevile kwa ninavyosikia. Talaka alikataa kutoa. Alimwambia mdogo wangu kwa simu, "Utakaa hivyohivyo mpaka unizike." Ndiye yule ambaye Sura An-Nisaa inakataza aachwe kama aliyetundikwa, si mke, si mtalaka.

Tukaenda kwa wakili, Mzungu, mama mtu mzima mwenye huruma. Akaiangalia ile karatasi ya maua, akaigeuza nyuma, akauliza, "Nyingine iko wapi?" Ndipo tukaelewa. Kwa sheria ya Uingereza mdogo wangu hakuwahi kuolewa, basi hakuna ndoa ya kuvunja, wala mali ya kugawana kama mke na mume. Na kinachouma zaidi: nikahi hiyohiyo ingesomwa Ngamiani, kikatolewa cheti cha Tanzania, jaji wa Uingereza angeitambua na angeivunja. Msidhani ni balaa la mtu mmoja. Kesi ya Akhter na Khan ilibishaniwa miaka: wawili walifungishwa nikahi mgahawani Southall mwaka 1998, wakapata watoto wanne, bila msajili. Mwaka 2018 jaji alijaribu kumpa mama yule njia ya kudai haki zake, na Februari 2020 Mahakama ya Rufaa ikaifunga: ile haikuwa ndoa hata ya kubatilishwa.

Basi tukaenda kwenye baraza. Mji siutaji na jina la baraza silitaji, na wala si la Leyton. Lilikuwa ghorofani juu ya duka la vitambaa. Fomu zilikuwa nyingi, na ada ya mwanamke ilikuwa kubwa kuliko ya mwanamume. Tuliambiwa kesi ya mwanamke ina kazi zaidi: mwanamume akitamka amemaliza, lakini mwanamke akiomba inabidi mume aandikiwe barua, asubiriwe mwezi, aandikiwe ya pili, asubiriwe, aandikiwe ya tatu. Barua zikaenda. Ya tatu ikarudi haijafunguliwa. Ndipo tukaitwa.

Siku hiyo naikumbuka mpaka harufu ya zulia. Lilikuwa limelika katikati ya ngazi, limebaki jekundu pembeni tu. Chumba cha kusubiria kilikuwa na viti vya plastiki na kikapu cha vitu vya kuchezea watoto, kimejaa magari yasiyo na magurudumu. Tulikuwa wanawake watupu: Wapakistani, Msomali mmoja, Mzungu aliyesilimu aliyevaa vizuri kutuzidi sote, na mama wa Kibarawa, wa Barawa kule Somalia, aliyemsindikiza bintiye. Yule mama alipotusikia tunanong'ona Kiswahili akasogea, akatusalimia kwa Chimini chake, Kiswahili cha kwao, nasi tukamwitikia kwa Kitanga, tukaelewana. Akamshika mdogo wangu mkono. "Mwanangu, usilie mbele yao. Ukilia wataandika bado una mapenzi."

Ndani walikuwa mashehe wawili, na pembeni mwanamke mmoja aliyekuwa akiandika. Shehe mkubwa alikuwa mzee mpole wa sauti ya chini, na sitaki mumwone kama jitu. Alituuliza tumekula. Aliuliza mahari ilikuwa nini. Mdogo wangu akasema seti ya dhahabu na msahafu. Dhahabu iko wapi? Imeuzwa, ikalipa pango la miezi ambayo mume hakutoa kitu. Shehe akatikisa kichwa, akasema kwenye khului, talaka anayoiomba mke, mke hurudisha alichopewa, tutaona namna. Kisha akasema, kama anayeleta habari njema, "Mumeo alipiga simu jana. Anataka suluhu. Wiki mbili zijazo tutawakalisha pamoja hapa, mzungumze mbele yetu."

Mdogo wangu hakusema neno. Alifungua mkoba akatoa amri ya mahakama, akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja kwa sababu ilikuwa imekunjika. Shehe hakuigusa. "Hii ni ya serikali," akasema. "Hapa tunatazama dini."

Nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia, "Shehe, kwa heshima yako. Mke wa Thabit bin Qays alipokwenda kwa Mtume, sala na amani zimshukie, aliulizwa jambo moja tu: utamrudishia bustani yake? Akasema ndiyo, na Thabit akaambiwa aichukue bustani na amwache. Hapakuwa na kikao cha pili." Mzee akatabasamu, akaniuliza nimesoma wapi. Nikasema Tanga. Akasema mashaallah. Halafu akarudi palepale: bila kikao cha pamoja, faili haliwezi kusogea.

Aliyeliokoa lile shauri ni yule mwanamke wa pembeni. Mpaka hapo nilidhani ni karani. Bila kuinua macho kwenye daftari akasema, "Shehe, tukimwita yule bwana hapa, atakuwa amevunja amri, polisi watamkamata kwenye ngazi zetu. Na tutakaoulizwa kwa nini tulimwita ni sisi." Kimya. Shehe akanywa maji. Wakateta wao kwa wao kwa Kiurdu, kwa muda mrefu, nikilisikia jina la Imam Malik likipita, maana Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa, njia yao ya faskhi, yaani kadhi kuivunja ndoa, ni nyembamba na mara nyingi huazima kwa Maliki. Mwisho akasema wataifasikhi ndoa bila kikao. Kutakuwa na ada kidogo ya ziada.

Kilichonichoma siku ile, na kinanichoma ninavyoandika, ni kwamba hoja iliyopita haikuwa hadithi ya Mtume wala taya la mdogo wangu lililokuwa bado halifungi sawasawa. Iliyopita ni hofu ya polisi kuonekana kwenye ngazi. Nikatoka nikililaani lile baraza kwa lugha zote ninazozijua. Nilimkuta mama wa Kibarawa bado anasubiri, akaniuliza kwa macho, nikashindwa kumjibu.

Miezi ikapita. Karatasi ikaja kwa posta, ukurasa mmoja, muhuri wa kijani. Mdogo wangu aliisoma amesimama mlangoni, koti hajavua, kisha akampigia mama yake Tanga. Mama mdogo akapiga vigelegele, mpaka majirani wakaja kuuliza kuna harusi gani. Hakuna aliyeuliza kama serikali ya Uingereza inaitambua ile karatasi. Haiitambui. Lakini mdogo wangu alianza kuhesabu eda siku ileile, na alipomaliza alikuwa mtu mwingine.

Mtaona bado sijafika kwenye siasa kali. Nafika. Baada ya mambo yale nilitaka kuyasema hadharani. Kwenye darsa la wanawake nikaanza kueleza, na mama mmoja wa kamati, ninayemheshimu kama mama yangu mzazi, akanishika bega. "Mwanangu, hayo uliyosema ni kweli tupu. Lakini usiyaandike. Wanangoja." Sikuuliza nani wanangoja. Huku kila mtu anawajua: wale ambao kila kisa cha mwanamke wa Kiislamu kwao ni tiketi ya kusema turudishwe tulikotoka.

Na kweli wanangoja. Kazini nilimdokeza mwenzangu mmoja, kwa uchungu tu. Kesho yake akaniletea simu yake nione video ya bwana mmoja anayesema sharia inaiteka Uingereza mtaa kwa mtaa. Akasema, "Pole, ndivyo dini yenu ilivyo." Nilijikuta nalitetea baraza lilelile. Nikamwambia kuna mwanamke kwenye jopo. Nikamwambia kuhusu Thabit na bustani. Nikamwambia Wayahudi nao wana beth din zao London, mahakama zao za dini, na sheria ya mwaka 2002 inamruhusu jaji kuizuia talaka ya kiserikali mpaka mume atoe ya kidini, mbona hujaniletea video yao? Nilizungumza vizuri mno, na kila neno lilikuwa la kweli, na nilikwenda chooni nikalia.

Mijadala ya uhuru wa kusema na Uislamu huku haifiki huko. Yenyewe huanzia Bradford, Januari 1989, watu wakiichoma mbele ya kamera riwaya ya Salman Rushdie waliyoona imemtukana Mtume, ipite kwenye vibonzo vya Mtume vya Denmark vya Septemba 2005, ifike Paris, 7 Januari 2015, watu 12 wakiuawa katika shambulio la Charlie Hebdo, gazeti la vibonzo, mmoja wao polisi Mwislamu, Ahmed Merabet, aliyemaliziwa kwa risasi akiwa chini kwenye lami. Sina mawili katika hayo: mwuaji ni mwuaji, na aliyemchoma kisu Rushdie Agosti 2022 hakumtetea Mtume yeyote ninayemjua. Wala sitaki sheria ya kufuru. Uingereza ilikuwa nayo, na Waislamu walipoikimbilia juu ya riwaya ile mahakama iliwaambia inaulinda Ukristo peke yake. Badala ya kuipanua waliifuta, mwaka uleule wa 2008 askofu alipozomewa. Walifanya vyema. Denmark walikwenda njia nyingine, wakapiga marufuku Desemba 2023 kuchoma misahafu hadharani, na nakiri siku ile nilipumua, kwa sababu kule Sweden yule aliyeuchoma msahafu mbele ya msikiti wa Stockholm siku ya Idi aliuchomea watoto wetu machoni. Yeye naye akauawa kwa risasi Januari 2025, na nikaona aibu kwa niaba ya watu nisiowajua. Kwa hiyo hapo msiniulize sana, moyo una yake na akili ina yake.

Ninachokijua kwa hakika ni kidogo. Wenye siasa kali, kabla hawajamfunga mdomo mchora vibonzo, huwa wameshatufunga sisi. Wakishalipua, kama London ile Julai 2005, sisi ndio tunaobaki na doa. Tangu 2015 sheria inazitaka shule huku zizuie watoto wasivutwe kwenye ugaidi, na walimu huripoti mtoto wanayehisi anaelekea huko, na mwanangu nimemfundisha asitaje Palestina darasani bila kufikiri mara mbili. Hofu ya nje na heshima ya ndani zikikutana, mwanamke aliyevunjwa taya ndiye anayenyamaza. Hata hili jibu ninawaandikia ninyi kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza nisingeliandika.

Nilianza kwa kusema yafungwe. Lakini hebu tuyafunge tuone. Ontario, Kanada, walifika hapo. Mtu mmoja alitangaza mwaka 2003 kuwa Waislamu wataanzisha usuluhishi wa kisharia chini ya sheria ya usuluhishi ya 1991, ile ambayo Wayahudi na Wakristo walikuwa wakiitumia kimyakimya. Marion Boyd, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, akapendekeza Desemba 2004 waachwe, kwa masharti. Kelele zikawa nyingi, wanawake wa Kiislamu wenyewe wakiwa mbele, na Septemba 2005 Waziri Mkuu wa jimbo, Dalton McGuinty, akawafungia wote, Wayahudi wakiwemo. Haki sawa, sawa. Lakini mwanamke anayetaka talaka ya dini yake bado ataitaka. Atamfuata shehe nyumbani kwake, bila fomu, bila jopo, bila mwanamke mwenye daftari. Mdogo wangu angeangukia mikononi mwa yule mzee mpole peke yake, na nimewaeleza upole wake ulifika wapi.

Ndiyo maana ripoti ya Siddiqui, iliyosema zaidi ya 90 kwa mia ya wanaokwenda kwenye mabaraza ni wanawake wanaotafuta talaka, haikushauri yafungwe. Ilishauri Sheria ya Ndoa ya 1949 irekebishwe ili nikahi iende pamoja na usajili, na shehe anayefungisha bila kuhakikisha hilo aadhibiwe. Ilitaka pia chombo cha kuyasimamia mabaraza, na serikali ikakataa palepale, isije ikaonekana imeyapa baraka. Yaani wasiyafunge, wasiyasimamie, wayaseme magazetini tu. Wayahudi na Makweka, madhehebu ya Kikristo, waliachiwa utaratibu wao wa ndoa tangu sheria ya 1753. Sisi tunaambiwa tusubiri.

Mimi ningeanza na yule shehe aliyevaa viatu. Apigwe faini. Najua mtasema tunawapa polisi sababu ya kuingia misikitini, na kwa hali ilivyo si hofu ya bure. Najua pia wapo wanaume, na wanawake wachache, wasiotaka cheti kwa sababu zao halali. Hata hivyo apigwe faini.

Siku nikahi zote zitakapokuwa na cheti, nitawaandikia tena niseme yafungwe. Si siku hiyohiyo, maana sheria mpya hairudi nyuma, na Jumamosi hii kuna sebule inayofagiliwa mahali fulani kwa ajili ya harusi. Kwa sasa kwenye hesabu yenu niandikeni upande wa yabaki. Mkiwa na nafasi ya neno moja, liwe hilo. Mkiwa na nafasi ya sentensi, ongezeni kuwa jopo lisilo na mwanamke lifungwe kesho asubuhi.